Naomba ushauri: mshale wa temperecha unaruka nikiwasha taa

Habari zenu wakuu. Gari yangu ni ya petroli, gia otomatiki. Mchana mshale wa temperecha unatulia katikati kama kawaida, ila usiku nikiwasha taa kubwa unapanda hadi karibu na H (alama ya moto sana). Nikizima, unashuka papo hapo. Maji hayawezi kupoa upesi hivyo, ndiyo maana nashuku umeme. Rejeta imejaa, feni inazunguka, hosi hazivuji. Fundi kabadilisha sensa ya temperecha, hali ni ileile. Waya wa ethi (ule wa hasi) unaotoka kwenye betri kwenda bodi ya gari una kutu ya kijani pale kwenye nati. Je, nianze na huo au nifungue dashibodi kwanza? Na ethi inapimwaje kwa mita? Naogopa siku injini ikichemka kweli nisijue.