Deki ya elfi ya Marwyn (Commander): mana isiyo na mwisho ipo, mchezo hauishi

Mti_Mkavu

Habari wakuu. Nina deki ya Commander (kamanda mmoja na kadi 99, nakala moja moja) ya mchezo wa kadi Magic: The Gathering, kijani tupu, kamanda ni Marwyn, the Nurturer: kila elfi mwingine akiingia anapata alama ya +1/+1, na akilazwa (kadi ikigeuzwa upande kuonyesha imetumika) anatoa mana, yaani malipo ya kuchezea kadi, sawa na nguvu yake. Mgawanyo wake: ardhi 37, elfi wa mana moja 8, kadi 5 za kuvutia kadi, Staff of Domination, Umbral Mantle, Lightning Greaves na Craterhoof Behemoth. Zilizobaki ni elfi wa mana mbili mpaka nne.

Mambo matatu yananikwamisha. Kwanza, kombo (kadi zinazoshirikiana kutoa mana bila mwisho) inachelewa, wapinzani wanakuwa wameshajipanga. Pili, Mantle ikishika, Marwyn anafika nguvu 200 na mana haihesabiki, ila mkononi sina cha kuifanyia, na akishambulia anazibwa na kiumbe kimoja cha 1/1 (nguvu 1, uhai 1). Tatu, Marwyn akiwa amevaa Greaves, Staff haimfikii. Nipunguze nini, niongeze nini? Gaea's Cradle msinitajie, bei yake ni ya kiwanja.

Foleni_ya_Mana

Naanza na la tatu kwa sababu ni la sheria. Greaves inamfanya aliyeivaa asilengwe na mtu yeyote, wewe mwenyewe ukiwemo. Staff inamlenga kiumbe inayemwinua (kumsimamisha aliyelala ili atumike tena), na kuvalisha Mantle nako ni kulenga. Kwa hiyo ama umvalishe Mantle kwanza, Greaves baadaye, ama uhamishie Greaves kwa elfi mwingine (ni mana 0) kabla ya kugusa Staff. Rahisi zaidi, weka Swiftfoot Boots badala yake. Kuvalisha ni mana 1, na inawazuia wapinzani tu. Zote mbili zinampa haraka (kutumika zamu ileile anayoingia), na hiyo unaihitaji: Marwyn aliyeingia zamu hii hawezi kulazwa atoe mana, na ule uwezo wa kuinuka anaopewa na Mantle unafuata sharti hilohilo.

Sasa hesabu, kwa sababu wengi wanaanza mzunguko kabla haujatosha.

Staff: mana 3 kumwinua Marwyn, 1 kuiinua Staff yenyewe, jumla 4. Nguvu yake ikiwa 4 unazunguka bila faida. Ikiwa 5, kila mzunguko unabaki na mana 1. Kuvuta kadi ni mana 5, na 1 ya kuiinua Staff, kwa hiyo kila kadi inakugharimu 6. Maana yake ukiwa na Staff huna tatizo la kukosa cha kufanya, deki nzima inakuja mkononi.

Mantle: mana 3 kila mara, na kila mara anaongezeka +2/+2. Nguvu 3 inatosha kabisa. Hata nguvu 1 inaanza, mradi una mana 2 za pembeni: mlaze upate 1, jumla 3, anainuka akiwa na nguvu 3, na kuanzia hapo anajilipia mwenyewe.

Kuna ya tatu ambayo watu wanaidharau, Sword of the Paruns. Mwenye kuivaa akiwa amelala, viumbe vyako vyote vilivyolala vinapata +2/+0. Mana ya Marwyn inahesabiwa akishalazwa, kwa hiyo mwenye nguvu 2 anatoa 4, unalipa 3 kumwinua, 1 inabaki. Ubaya wake ni bei: mana 4 kuicheza, 3 kuivalisha.

Rundo_Zito

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Kuchelewa kwa kombo kunatokana na rangi yenyewe: kijani tupu hakina njia nyepesi ya kutafuta vifaa (kama Staff na Mantle) kwenye rundo. Ukiwa na vipande viwili ndani ya kadi 99, nafasi ya kukiona kimojawapo katika kadi 15 za mwanzo ni karibu 28%. Vikiwa vitatu, karibu 39%. Sword inaingia kwa sababu hiyo tu.

Viumbe ndivyo kijani kinavyoweza kuvifuata. Weka kombo ya viumbe watupu: Temur Sabertooth na Hyrax Tower Scout. Sabertooth anamrudisha Scout mkononi kwa mana 2, Scout anachezwa tena kwa 3, akiingia anamwinua Marwyn. Jumla 5, kwa hiyo Marwyn awe na nguvu 6 au zaidi. Wote wawili wanatafutika kwa kadi za kutafutia viumbe: Green Sun's Zenith, Chord of Calling au Finale of Devastation. Angalizo: si elfi hata mmoja, hawamwongezei Marwyn alama.

Pa kuimwagia mana weka matatu. Ezuri, Renegade Leader, kwa mana 5 anawapa elfi wote +3/+3 na nguvu iliyozidi inapita kwa mchezaji hata wakizibwa. Duskwatch Recruiter, kwa mana 3 unatazama kadi tatu za juu, unachukua kiumbe kimoja, nyingine zinaenda chini. Mana ikiwa haina mwisho, kila kiumbe wa deki ni wako. Na Walking Ballista, ambaye Recruiter anamleta ila Zenith haimleti kwa sababu hana rangi. Ballista ndiye mmaliziaji bora. Anapiga bila kushambulia, kwa hiyo hujali kwamba nusu ya elfi wako wameingia zamu hii. Craterhoof ana haraka yake mwenyewe, hawagawii wengine.

Elfi wa mana moja wapande kutoka 8 hadi 14. Kwa 8, nafasi ya kuanza na angalau mmoja katika kadi saba ni karibu 46%. Kwa 14 inafika karibu 67%. Llanowar Elves, Fyndhorn Elves, Elvish Mystic, Arbor Elf na Joraga Treespeaker ni wa lazima. Elves of Deep Shadow usimguse, ana alama ya mana nyeusi kwenye maandishi yake, haruhusiwi na kamanda huyu.

Zinazoingia ni 12: elfi 6, Sword, Sabertooth, Scout, Ezuri, Recruiter, Ballista. Toa ardhi 4, zibaki 33, mojawapo iwe Wirewood Lodge (inainua elfi). Nane zilizobaki zitoke kwa elfi wa mana nne wasiovuta kadi wala kutoa mana. Beast Whisperer abaki, anavuta kadi.

Chunga_Shina

33 mimi siwezi. Meza ikifagiliwa (viumbe wote wakiondolewa) mara moja unabaki na ardhi peke yake, na Marwyn anaporudi anadai mana 2 za ziada kila mara. Weka 34, elfi wa mana moja wawe 13.

Kuhusu ulinzi, Heroic Intervention inaokoa pale viumbe vinapoharibiwa au kulengwa na wapinzani tu. Toxic Deluge inapunguza nguvu na uhai, haiharibu. Cyclonic Rift iliyolipiwa kikamilifu hailengi, inarudisha tu. Usiishikilie kadi hiyo ukidhani umejikinga na kila kitu.

Saa ya hatari kwa Mantle ni pale unapoivalisha. Mpinzani mwenye akili anamuua Marwyn wakati huo, kabla haijashika. Ikishashika, akijaribu kumuua unazungusha hapohapo kabla kadi yake haijafanya kazi, ila mana hiyo itumie papo hapo, ikivuka hatua inapotea. Ndiyo maana Recruiter au Ezuri awe ameshakaa mezani kabla hujaanza.

Mti_Mkavu

Asanteni sana wakuu. Vipi Heritage Druid na Nettle Sentinel? Kwenye deki za kadi 60 naona ndio injini yenyewe.

Foleni_ya_Mana

Kwenye 60 unaweka Nettle Sentinel wanne. Wawili wakiwa mezani pamoja na Heritage Druid, kila elfi wa mana moja unayemcheza anawainua wote wawili, unawalaza watatu (hao wawili na huyo mpya), unapata mana 3. Faida ni 2 kwa kila elfi. Commander ni nakala moja tu, kwa hiyo kila ukitaka mana 3 unahitaji Nettle na elfi wapya wawili, faida inabaki 1 kwa elfi wawili.

Waweke hata hivyo. Uwezo wa Heritage Druid unaweza kuwalaza hata elfi walioingia zamu hiihii, na hapo ndipo Glimpse of Nature (zamu hiyo, kila kiumbe unayemcheza unavuta kadi) inapolipa. Usiicheze Glimpse ukiwa na elfi mmoja mkononi. Subiri wawe watatu au wanne wa mana moja, Heritage Druid awe ameshatua, na ardhi ya zamu hiyo uwe hujaiweka, ili Quirion Ranger akirudisha Forest iliyolazwa uiweke tena ikiwa imesimama.