Mwanasiasa akieneza chuki jukwaani, sheria imshike wapi bila kuziba midomo?

Mkazi wa Temeke
Ndugu zangu, tangu zuio la mikutano ya hadhara ya vyama lililowekwa 2016 liondolewe Januari 2023, tumerudi kuwasikia wanasiasa ana kwa ana, na hilo ni jema. Swali langu ni hili: mgombea akipanda jukwaani Mbagala akasema kwamba wafanyabiashara wa kabila fulani ni wanyonyaji wa kufukuzwa sokoni, je, analindwa na Ibara ya 18 ya Katiba inayotoa uhuru wa maoni? Nahofia mambo mawili kwa pamoja: chuki kuachwa ikaota mizizi, na sheria ya kuizuia kugeuzwa rungu la kuwapigia wapinzani.

Wakili wa Upanga
Ibara ya 18 haisomwi peke yake, kwani Ibara ya 30 inaruhusu mipaka kwa ajili ya kulinda haki za wengine. Aidha, mwaka 1976 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Ibara yake ya 20 inataka sheria ikataze uenezaji wa chuki ya kitaifa, ya rangi au ya kidini unaochochea ubaguzi, uhasama au vurugu. Kazi ngumu ni kupima. Mpango wa Rabat wa 2012, ulioandaliwa chini ya Umoja wa Mataifa, unataka yatazamwe mazingira, msemaji, nia, maudhui, ukubwa wa hadhira na uwezekano wa madhara kutokea. Kwangu mimi uzito uko kwa msemaji: mwenye wafuasi akisema "waondoeni", wapo watakaoyapokea maneno hayo kama agizo, hivyo cheo kinamwongezea wajibu badala ya kumpunguzia. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa malalamiko ya Daniel Féret, mwanasiasa wa Ubelgiji aliyetiwa hatiani kwa vipeperushi vya kampeni dhidi ya wahamiaji, ingawa majaji waligawanyika wanne kwa watatu, jambo linaloonyesha kwamba hata wabobezi hawakubaliani.

Mama wa Sinza
Kaka Wakili, nakubaliana nawe kuhusu msemaji, lakini mimi namtazama zaidi mlengwa. Serikali si kabila wala dini. Kumwita waziri mzembe, hata kwa ukali usio na adabu, si chuki, na sheria inayochanganya mambo hayo mawili ndiyo rungu analoliogopa ndugu yetu wa Temeke. Hofu yake si ya kufikirika: mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, pale Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwamo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Sheria ya chuki iandikwe kwa ufinyu, imtaje mlengwa, na idai ithibati ya nia.

Mzee wa Ilala
Wanangu, sheria kuandikwa vizuri hakutoshi. Majirani zetu Kenya, baada ya vurugu za 2007 na 2008, walitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na Katiba yao ya 2010 inasema wazi kwamba uhuru wa kujieleza hauhusishi matamshi ya chuki. Hata hivyo, kesi nyingi za vigogo wa siasa zimeishia hewani.

Mkazi wa Temeke
Shikamoo, Mzee. Nawashukuru nyote. Na mbunge akiyasema hayo hayo ndani ya Bunge?

Wakili wa Upanga
Hapo Ibara ya 100 inamkinga: hashtakiwi mahakamani kwa aliyoyasema bungeni, na anayeweza kumwajibisha ni Bunge lenyewe kwa kanuni zake. Lakini akishuka Manzese akayarudia mbele ya wananchi, kinga hiyo haimfuati, na shahidi aliyeyasikia au kuyarekodi anaweza kwenda polisi kama ambavyo angekwenda kwa kosa la mtu mwingine yeyote.