Naomba ushauri: godoro la hewa kwa mzee aliyepooza

Mlezi wa Baba: Ndugu wanajamvi, baba yangu alipatwa na kiharusi akapooza upande wa kulia, nasi tunamuuguza nyumbani hapa Morogoro. Je, ili asipate vidonda vya kulala, ninunue godoro la hewa au boya lenye tundu katikati?

Mama Salha: Pole sana, mwanangu. Marehemu mama mkwe tulimuuguza bila vifaa hivyo, tukipokezana na wifi yangu kumgeuza usiku kucha. Vijana wa leo mnadhani uuguzi hununuliwa dukani.

Sista wa Zamu: Kabla ya godoro, tueleze ngozi ya juu ya mkia, nyonga na visigino ikoje, na mnamgeuza kila baada ya muda gani.

Mlezi wa Baba: Mchana tunamgeuza. Usiku huugulia sana akiguswa, kwa hiyo tumeona heri apumzike. Juu ya mkia pana mahali pamekuwa pagumu na pana joto, lakini hapajachubuka wala si pekundu, na kila asubuhi napasugua kwa spiriti. Boya nimekwisha kulilipia nusu ya bei.

Sista wa Zamu: Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa, ndiyo maana tunapapasa kwa mkono na kulinganisha na ngozi ya jirani, pakiwa pagumu na pa moto, nyama ya ndani imeanza kuumia hata kama juu ni pazima. Acha kusugua, maana unaiumiza zaidi, na hilo boya usilitumie, kwa sababu ukingo wake hubana damu isifike katikati. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku pia, alale ubavu kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi, mto ukiwa mgongoni na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro.

Mpita Njia: Mimi nina shaka na uzi huu. Wauza magodoro huanza hivihivi, kisha anatokea mtu na bei.

Mama Salha: Hata mimi naanza kushangaa, maana mtoto gani anamwacha mzazi hajageuzwa hadi kunakucha?

Mlezi wa Baba: Siuzi chochote, mama. Nimetoka kumpapasa sasa hivi, eneo ni kama kifuniko cha soda. Ila fedha ya boya hairudishwi, na nikimgeuza usiku analia.

Sista wa Zamu: Mnamgeuza kwa kumshika wapi?

Mlezi wa Baba: Tunamvuta mkono wa kulia.

Sista wa Zamu: Bega la upande uliopooza huumia likivutwa, na huenda ndilo linalomliza. Muwe wawili, mtandikieni shuka lililokunjwa kuanzia mabegani hadi mapajani, mlishike pande zote mbili na kumnyanyua badala ya kumburuta. Kesho asubuhi mpelekeni kituo cha afya wapaone hapo juu ya mkia, na muwatajie pia hilo bega.