Orodha ya Dracula na uzao wake: upange kwa mwaka, kwa aina, au kwa mzazi?

Mtunza_Faili
Wakuu habari zenu. Nina orodha ya kazi zilizotokana na Dracula ya Bram Stoker (riwaya ya 1897), nilianza kama utani tu sasa imepita mistari mia mbili na imeanza kunishinda. Nimejaribu njia tatu. Kwanza kwa mwaka, kuanzia ya zamani kuja ya juzi. Pili kwa aina, muvi huku, tamthilia kule, redio, katuni na kadhalika. Tatu kwa ukaribu na kitabu, yaani zilizofuata riwaya zinakaa juu, zilizochukua jina tu zinakaa chini. Zote zimenikwamisha mahali, mfano 1931 nina muvi mbili za studio ya Universal, moja ya Kiingereza moja ya Kihispania, jina ni lile lile isipokuwa ka alama juu ya herufi a, nikitafuta moja inakuja nyingine. Nyie mnatumia ipi?

BintiRafu
Mwaka. Usijichoshe ndugu yangu, mwaka haubishani na mtu. Chagua tu ni mwaka wa kuonyeshwa mara ya kwanza na ubaki hapo hapo, usichanganye na wa kutengenezwa. Aina utaiweka kwenye kolamu pembeni, siku ukitaka redio tu unachuja, unapata ile ya Orson Welles ya 1938 na wenzake, basi. Kugawa faili kwa aina ni kujitafutia kazi ya kufungua folda sita kwa swali moja.

Kanda_za_Zamani
Dada hapo kwenye mwaka tutagombana kidogo. Chukua 1979. Kuna Dracula ya John Badham na kuna Nosferatu ya Werner Herzog, kwenye orodha yako zitakaa jirani kama mapacha, kumbe hata ukoo wa karibu hawana. Ya Badham inatoka kwenye tamthilia ya Hamilton Deane ya 1924, ambayo John L. Balderston aliifanyia marekebisho ikapanda jukwaa la Broadway, New York, 1927 na Bela Lugosi, halafu hiyo hiyo ndo ikazaa muvi ya 1931. Ya Herzog inatoka kwa muvi bubu ya Murnau ya 1922, nayo inaitwa Nosferatu. Mwaka unakwambia lini, haukwambii nani kamzaa nani, na kwenye kazi za namna hii hilo la pili ndo swali lenyewe. Ongeza kolamu moja tu, iite "imetoka kwa".

Mtunza_Faili
Nimekuelewa mkuu, ila hiyo ya Herzog nilishawahi kuikwama, sura ya yule vampaya, kipara na kucha, ni ya Murnau kabisa, lakini Murnau alimwita Orlok na Herzog kamrudishia jina la Dracula kutoka kitabuni. Sasa mzazi ni nani hapo? Niliandika wote wawili na koma katikati.

Kanda_za_Zamani
Hiyo koma ndo inayokuua. Ukichuja "Murnau" peke yake ile seli yenye majina mawili inahesabika kitu cha tatu, inapotea. Fungua laha ya pili yenye kolamu tatu tu, mtoto, mzazi, kilichochukuliwa. Kila uhusiano mstari wake. Herzog anapata miwili, wa Murnau unaandika "sura, panya, tauni", wa Stoker unaandika "majina". Baada ya muda hiyo kolamu ya tatu inaanza kukupa vitu ambavyo hukuvitafuta. Mimi ndo nilivyoona lile la vampaya kufa kwa mwanga wa jua halipo kwenye riwaya, mle Dracula anaonekana mchana kweupe London na mwishoni anamalizwa kwa visu, jua lililomuua ni la Murnau, af mwaka 1958 studio ya Hammer ya Uingereza nao wakammaliza Christopher Lee kwa jua.

Mwanakurasa
Mimi nimekuja kuzika ile njia ya tatu, samahani aliyeipenda. Coppola na muvi yake ya Dracula ya 1992 utamweka wapi? Jina la Stoker limo kwenye jina la muvi, Quincey Morris, mhusika wa kitabuni, yupo (wengi humtupa), shajara na barua zipo, halafu katikati kuna mapenzi ya Dracula na Mina ambayo kitabuni hayapo kabisa. Juu au chini? Kila siku utamhamisha kutegemea umeamkaje. Weka vitu vya kuhesabika badala ya maoni. Nani kaenda Transylvania mwanzoni? Kitabuni ni Harker, 1931 ni Renfield. Morris yupo, hayupo? Mina na Lucy wako sehemu zao? (Badham kawabadilisha majina, ukisoma muhtasari haraka haraka unaingia mkenge.) Ndiyo na hapana tu.

BintiRafu
Sawa hapo nimeshindwa kihalali 😅 ila namba za utambulisho msizisahau. Hiyo ya Hammer Uingereza inaitwa Dracula, Marekani Horror of Dracula, ukiunganisha laha zako kwa jina utapata muvi mbili. Mpe kila mmoja namba isiyobadilika. Na msiweke mwaka ndani ya namba, siku ukigundua ulikosea mwaka namba nzima inakuwa uongo.

Mpita_Kimya
Nani katumia Zotero (programu ya kutunza marejeo) kwa hili? Naipenda ila nakwama.

Mwanakurasa
Nimetumia. Kwa vitabu na makala hakuna shida, ila ukiunganisha vitu viwili inakwambia tu vinahusiana, haisemi yupi mzazi. Wikidata (hifadhidata huria ya mtandaoni) wameliweka hilo sawa, wana sifa P144 yenye maana ya "imetokana na", unaweza kuiga wazo hata kama unabaki na Excel.

Mtunza_Faili
Nimekaa nayo jioni nzima, kuanzia 1922 mpaka 1979 imeisha. Ile ya Kihispania imenisumbua, si mtoto wa ile ya Kiingereza, walipiga usiku kwenye seti zile zile wenzao walizotumia mchana, kwa hiyo nimeipa mzazi tamthilia na kwenye kilichochukuliwa nimeandika "seti za pacha wake". Sijui kama inaruhusiwa.

Kanda_za_Zamani
Laha ni yako mkuu, ruhusa unajipa. Mi mwenyewe narudi kwenye yangu, nimeona sasa hivi Blacula ya 1972 nimeipa namba mbili.