Breki za Subaru Forester, mteremko wa Newala: kalipa za pistoni nne mbele, seti kamili ya turbo, au nibaki na zilizopo?

Mwana wa Mikindani
Wakuu, habari za jioni. Nina Forester isiyo na turbo, diski za breki za mbele milimita 277, rimu za inchi 15. Nakaa Mtwara mjini, ila msimu wa korosho ukifika napanda Tandahimba na Newala karibu kila wiki, watu watano na mizigo juu yake. Kupanda si shida. Shida ni kushuka kutoka Newala kuelekea Masasi. Nikifika kona za katikati pedali inaanza kulegea, harufu ya pedi za breki inaingia ndani, na wiki iliyopita nilikanyaga mpaka karibu na sakafu nikiwa nyuma ya lori la korosho. Mke wangu alikuwa kiti cha mbele. Hakusema neno mpaka tulipofika chini, ndipo akaniambia hapandi tena gari hili kabla sijalishughulikia.

Nina njia tatu mezani. Kwanza, kalipa (vibano vinavyobana pedi kwenye diski) za pistoni nne za mbele peke yake, nimezipata Dar, yuzidi, pamoja na diski za 294. Pili, seti nzima ya breki za Forester ya turbo, mbele na nyuma. Tatu, kubaki na kalipa zangu nizifufue. Bei ya ile ya kwanza inanivutia, lakini naogopa gari likipata nguvu mbele halafu nyuma ikabaki vilevile. Nisaidieni.

Nangurukuru
Mkuu, mimi nilifunga pistoni nne mbele mwaka jana na nyuma sikugusa. Zinashika, hilo nalisema wazi. Ukigusa tu pedali gari linainama pua. Ila mvua ya kwanza nilipokuwa natoka Somanga nilikanyaga kwenye kona, tairi za mbele zikaacha kushika mapema, ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisifunge) ikawa inagonga mguuni na gari linakwenda moja kwa moja badala ya kukata kona. Nilibaki barabarani kwa neema ya Mungu. Mteremkoni hazichoki, lakini kwenye maji siziamini.

Fundi Chikongola
Mwana wa Mikindani, kabla ya kununua chochote nijibu. Pedali ilikuwa laini, au ilikuwa ngumu lakini gari halisimami? Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Pedali ngumu na gari halisimami ni pedi zilizopata moto kupita kiwango chake. Pedali inayozama na kurudi baada ya gari kupoa ni oili ya breki imechemka: ndani ya paipu kuna mvuke, na mvuke unabonyea. Oili ya breki hunyonya unyevu, na sisi tunaishi kando ya bahari. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, ikishakunywa maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Uliibadilisha lini?

Mwana wa Mikindani
Fundi, ilikuwa laini, na tulipopumzika chini ikarudi. Oili sijawahi kuibadilisha tangu ninunue gari, ni mwaka wa nne. Imekuwa ikiongezwa tu.

Fundi Chikongola
Basi jibu la nusu ya swali lako liko kwenye kikopo cha oili cha masta, ile pampu kuu ya breki.

Sasa nije kwenye mizani, yaani mgao wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Nimeona vijana wanahesabu pistoni kama wanahesabu mayai: nne ni nyingi kuliko mbili, kwa hiyo breki ni mara mbili. Sivyo. Kalipa yako ya sasa ina pistoni mbili upande mmoja na inateleza kwenye pini. Pistoni zikisukuma pedi ya ndani, mwili wa kalipa unavutwa na kubana pedi ya nje. Kalipa ya pistoni nne haitelezi, kila upande una pistoni zake mbili. Kwa hiyo unalinganisha pistoni za upande mmoja tu. Kama zote zina kipenyo kilekile, nguvu ya kubana ni ileile.

Mwambie muuzaji apime kipenyo cha pistoni kwa vania (rula ya kubana ya kupimia), kisha mnirudie.

Mwana wa Mikindani
Amepima. Za kwangu ni milimita 43 hivi, hizo nne ni 46.

Fundi Chikongola
Vizuri. Pistoni ya 43 ina eneo la milimita za mraba 1,452, mbili ni 2,904. Ya 46 ni 1,662, mbili ni 3,324. Hapo mbele imeongezeka asilimia 14. Diski ikitoka 277 kwenda 294, kalipa inasogea mbali zaidi na kitovu cha gurudumu na unapata asilimia 6 au 7 nyingine. Ukizizidisha, breki za mbele zina nguvu zaidi kwa asilimia 20 na ushee, huku nyuma hujaongeza hata moja. Ndiyo hali iliyomkuta Nangurukuru kwenye mvua. Isitoshe, pistoni kubwa zinahitaji oili nyingi zaidi, kwa hiyo pedali yako itashuka chini kuliko sasa. Wewe unalalamikia pedali inayozama!

Ungepata pistoni nne za 43 ningekwambia funga, kwa sababu mizani ingesogea kidogo sana na ungefaidika na diski kubwa inayobeba joto.

Dada Ndanda
Mimi nina seti ya turbo kamili, mbele na nyuma kutoka gari moja. Kaka, hii ndiyo njia nisiyojutia, kwa sababu waliotengeneza walishapatanisha mbele na nyuma wenyewe. Ila gharama zake zimejificha. Diski za 294 hazikai ndani ya rimu za inchi 15, nililazimika kununua rimu za 16 na matairi manne. Halafu breki ya mkono: viatu vyake (vipande vinavyosugua) viko ndani ya diski ya nyuma, na si magari yote yana saizi moja. Niligundua gari likiwa tayari juu ya jeki, tukasubiri basi la kutoka Dar siku tatu.

Na angalieni kalipa mnazotumiwa. Mara ya kwanza niliuziwa mbili, zote za kushoto. Fundi mmoja akasema zitakaa tu, akazifunga. Nati ya kutolea upepo ikawa upande wa chini kwa gurudumu la kulia, na upepo hukaa juu. Tulipampu mchana kutwa na pedali ikabaki kama sifongo.

Kijana wa Mtanda
Samahani wakuu, nauliza. Si anaweza kufunga masta kubwa, au ile valvu ya kugawa presha, akasawazisha?

Fundi Chikongola
Swali zuri, mdogo wangu. Masta kubwa inafupisha safari ya pedali na kukudai mguu mzito zaidi, lakini inasukuma mbele na nyuma kwa pamoja, mizani haiguswi. Valvu ya kugawa kazi yake ni kupunguza presha ya nyuma. Huyu shida yake itakuwa mbele kuzidi, sasa akipunguza nyuma si anazidisha ugonjwa? Tena magari mengi ya aina hii yamegawanywa kwa msalaba, mbele kulia na nyuma kushoto kwenye njia moja ya oili, kwa hiyo huwezi kuweka valvu moja ikatosha.

Kinachosaidia nyuma ni pedi. Pedi nyingi zina herufi mbili pembeni: EE, FF, GG. Ya kwanza ni mshiko zikiwa za baridi, ya pili zikiwa za moto. Kwa kipimo cha msuguano, E inaanzia 0.25, F 0.35, G 0.45. Ukiweka GG mbele na EE nyuma, umeharibu mizani hata kama hujagusa kalipa. Na usithubutu kuipendelea nyuma kupita kiasi. Nyuma ikifunga kabla ya mbele gari linazunguka, na hilo ni baya kuliko la Nangurukuru.

Mwana wa Mikindani
Mrejesho, wakuu. Nimeanza na njia ya tatu. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kama kahawa. Kalipa ya mbele kulia pini moja ilikuwa imeganda kwa kutu, tuligonga nusu saa. Pedi ya ndani imebaki milimita 2, ya nje 7, kwa hiyo kalipa haikuwa inateleza kabisa. Tumesafisha, grisi ya silikoni, sili mpya, pedi za FF pande zote nne, DOT 4.

Jumapili nilishuka Newala na mzigo uleule, gia ya pili tangu juu, mguu nagusa na kuachia. Pedali haikuzama hata mara moja. Mke wangu alikuwa kando yangu.

Pistoni nne nimemwambia muuzaji aendelee na wateja wengine. Matairi yakiisha nitanunua ya inchi 16, hapo nitafute seti ya turbo kamili. Dada Ndanda, naomba uniambie viatu vya breki ya mkono vya gari lako vina kipenyo gani.