Aseniki na madini ya risasi uani: nyumba yetu imejengwa kwenye shamba la zamani la matufaha

Mama Imani, Wenatchee
Habari zenu ndugu zangu. Tumehamia nyumba iliyojengwa palipokuwa na shamba la matufaha, hapa jimboni Washington, na majibu ya vipimo vya udongo wa uani yanaonyesha miligramu 64 za aseniki na 410 za risasi kwa kila kilo, ilhali viwango vya jimbo ni 20 na 250. Mtoto wetu ndiyo kwanza anatambaa, na kila anachookota hukipeleka mdomoni. Je, ni lazima tuchimbe uwanja mzima, au ipo mimea inayoweza kuifyonza sumu hii?

Mzee Salehe, Yakima
Pole sana, mama, na umefanya vyema kupima kabla ya kushika koleo. Hayo ni mabaki ya dawa iliyounganisha risasi na aseniki, ambayo wakulima wa huku waliinyunyizia miti dhidi ya viwavi wanaotoboa matufaha, hadi dawa mpya ya wadudu, DDT, ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1940. Sumu hizo haziozi. Hushikamana na udongo na kubaki karibu na juu. Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mkandarasi, omba vipimo vya kina mbalimbali na vya sehemu mbalimbali, kwa maana pale walipochanganyia dawa na kujazia mapipa huwa pabaya kuliko kwingine kote.

Sehemu anayochezea mtoto ningeichimba, nikajaza udongo uliokwisha kupimwa. Kwingine inatosha kutandaza kitambaa kizito cha ujenzi, juu yake udongo safi na nyasi, ili atakayechimba miaka ijayo akione kitambaa na asite. Wapo wanaochanganya udongo wa juu na wa chini ili kupunguza makali, lakini kwa aseniki iliyozidi kiwango mara tatu, sikushauri.

Mkulima wa Bustani
Kuhusu mimea, lipo kangaga liitwalo Pteris vittata ambalo kweli hufyonza aseniki kwa wingi, ila ni mmea wa nchi za joto, baridi ya Wenatchee italiua, na risasi itabaki pale pale. Msilitegemee. Mboga zipandeni kwenye vitalu vya mbao vilivyojazwa udongo ulionunuliwa, na msimwage mbolea ya fosfeti uani kwa kusikia kwamba hutuliza risasi, kwa kuwa fosfeti hiyo hiyo huibandua aseniki kutoka kwenye udongo ikashuka na maji.

Mama Imani
Nawashukuru sana. Na wakati tukisubiri mkandarasi?

Mzee Salehe
Funikeni leo hii sehemu zote zisizo na nyasi kwa vipande vya magome ya miti, vueni viatu nje ya mlango, na pigeni deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi. Mnawisheni mtoto mikono kabla ya kila mlo, kisha mwombeni daktari wake ampime risasi kwenye damu. Siku ya kuchimba, udongo uwe umelowanishwa, na mtoto asiwepo nyumbani.