Mdogo wa Elijah Anatafutiwa Jina

*Kikundi: NYUMBANI WEBUYE 🌽*
*Jumanne, saa 12:47 jioni*

Baba Elijah (Nakuru): Wapendwa, mama na mtoto wako salama. Ni kijana, kilo 3.4, amefika leo kabla hakujapambazuka. Kesho asubuhi tunatoka hospitali na nesi anataka jina la kuandika kwa ile karatasi ya kuzaliwa. Tusaidieni.

Senge (shangazi, Kitale): Aririririii! 🙌🙌🙌 Jina gani tena na lishajichagua? Ni Wanyonyi. Huku kila mtu yuko shambani anapalilia, mahindi yamefika magotini. Wa kwanza alikuja Januari, vumbi tupu, akawa Simiyu. Huyu amekuja na magugu. Mimi mwenyewe naandika na kidole kimoja, vingine vina matope.

Baba Elijah: Wanyonyi halina ubishi. Na huko Ahero kwa kina mama yake wameshaanza kumwita Omondi, kwa sababu ya alfajiri. Kazi iko kwa jina la mbele. Tunataka la zamani, lenye uzito, likae vizuri na Elijah.

Shangazi Mdogo (Kisumu): Jayden!!

Kaka Mkubwa (Bungoma): Elijah na Jayden. Mmoja amevaa koti la mzee wa kanisa, mwingine kaptula.

Shangazi Mdogo: 😂😂 Sawa, nimenyamaza.

Senge: Kwani jina la ubatizo la marehemu mzee lilikuwa gani?

Kukhu (nyanya, kwa sauti, mjukuu ameandika): Ubatizo gani? Sisi wa Kanisa la Marafiki hatubatizi kwa maji, tangu wale Wazungu wafike Kaimosi 1902. Sema jina la kitabu. Na la mzee lishachukuliwa, si ndilo Elijah?

Senge: Pole Mama. Ni matope.

Kaka Mkubwa: Wycliffe? Hilo ndilo la huku kwetu kabisa.

Baba Elijah: Nalipenda. Lakini hilo ni jina la ukoo la yule Mwingereza wa karne ya 14 aliyetaka Biblia isomwe kwa Kiingereza. Halimo kwenye Biblia yenyewe. Nataka wote wawili watoke kitabu kimoja.

Kaka Mkubwa: Pia ukipaza sauti "Wycliffe!" kwa uwanja wa shule yoyote hapa Bungoma, watageuka watoto kumi na mwalimu mkuu.

Shangazi Mdogo: Eliud basi! Yumo Mathayo 1, na kuna Kipchoge. Marathon kwa 1:59:40, Vienna, 2019. Nani atamdharau?

Mama Elijah: Nawasoma tu kutoka kitandani. Jamani, Eliud hapana. Nyumbani Elijah ni Eli. Nikiita Eli aje nani? Kwetu nimekua na kaka wawili, Joshua na Josphat, wote Jo. Ukiita Jo wanakuja wote, au hakuna anayekuja. Na siku ya kuteka maji hakuna aliyekuja.

Kaka Mkubwa: Basi Elisha pia ameanguka hapo. Nilikuwa namwandika.

Shangazi Mdogo: Yule wa kipara? Aliyelaani watoto, dubu wakawararua 42?

Kaka Mkubwa: Ukitazama kichwa cha baba yake, mtoto angepewa onyo mapema.

Baba Elijah: Naona.

Senge: Obadiah! Ni wa siku zile zile za Eliya. Aliwaficha manabii 100 kwa mapango, hamsini hamsini, akawapelekea chakula na maji. Huyo ni ndugu wa kutegemewa.

Mama Elijah: Obadiah nimelipenda Senge. Ngoja nimpigie Elijah kwa jirani nisikie akilitamka.

Mama Elijah: Amesema "Baba Dia". Kisha akauliza Baba Dia ni baba ya nani.

Baba Elijah: Kwa nyumba hii baba ni mmoja. Lingine.

*Saa 2:10 usiku*

Kaka Mkubwa: Nimepata, na msinibishie. Enoch. Kwenye Biblia nzima, Enoch na Eliya ndio wawili ambao hawakuonja mauti. Enoch miaka 365, akatembea na Mungu, Mungu akamtwaa. Eliya gari la moto. Mtapata wapi jozi kama hiyo?

Senge: Woi. Hiyo imeingia.

Baba Elijah: Enoch Wanyonyi. Lina mlio.

Mama Elijah: Enoch Omondi pia linakaa vizuri.

Kukhu (sauti, mjukuu ameandika): Nimesikia mnasema Enoch. Ni jina zuri, silikatai. Lakini mnanipa wajukuu wawili na wote ni wa kuondoka? Mmoja kwa gari, mwingine alikuwa anatembea tu hakuonekana tena. Nina watoto watano, wanne wako mbali, simu ikilia usiku naruka. Mimi sitaki jina lingine la kupaa. Someni mbele. Eliya alirudi. Alirudi na nani?

Shangazi Mdogo: 😳

Kaka Mkubwa: Mathayo 17. Mlimani. Musa na Eliya, wakizungumza na Yesu.

Kukhu (sauti, mjukuu ameandika): Eeh. Walikuja pamoja na walikuwa wakizungumza. Ndugu wawe wanazungumza.

Baba Elijah: Moses? Mama, darasani kwetu walikuwa wanne. Moses Mrefu, Moses Mfupi, Moses wa Mtoni, na Moses tu.

Kaka Mkubwa: Uliomba jina la zamani, sasa unalia kwamba lishavaliwa. Hata Mudavadi mzee, yule mwanasiasa, alikuwa Moses.

Mama Elijah: Ngojeni.

Mama Elijah: Nimemnong'oneza "Moses". Amefungua jicho moja, akalifunga. Elijah naye amelitamka mara moja bila kukosea, akauliza kama Moses anakula ugali.

Senge: Hapo sasa! Elijah na Moses. Moses na Elijah. Kokote ukianzia halikwami.

Baba Elijah: Sawa. Na angalau herufi zake ni za kawaida. La Elijah waliliandika "Elijha" kwa cheti, nikazunguka ofisini miezi miwili kwa sababu ya herufi mbili zilizopishana. Safari hii nasimama nyuma ya nesi mpaka aandike S ya mwisho.

*Jumatano, saa 3:32 asubuhi*

Baba Elijah: Ameandika. Moses Wanyonyi. Nimesoma mara tatu, nesi amenikasirikia kidogo.

Senge: Aririririii! Karibu Moses 🌽🌽

Shangazi Mdogo: Ila kwa hiyo hadithi, si Petro alitaka kujenga vibanda vitatu? 😁

Mama Elijah: Huku kwetu ni viwili.

Kukhu (sauti, mjukuu ameandika): Mimi sijasema kitu.